Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Ummu Ayman, Mlezi wa Mtume (s.a.w.)



Ndugu yangu uliyefunga, leo hebu tumkumbuke mama mmoja ambaye hatumtaji sana. Jina lake Baraka, Mhabeshi, mjakazi wa Abdullah bin Abdulmuttwalib. Wengi tunamjua kama Ummu Ayman (r.a.).

Abdullah alifariki kabla mwanawe hajazaliwa. Mtume (s.a.w.) alipozaliwa, Baraka alikuwa mle mle nyumbani kwa Bi Amina, akisaidia kulea. Mtoto alipofika miaka 6, mama yake alisafiri naye kwenda Yathrib, mji tunaouita leo Madina, na Baraka akafuatana nao. Wakati wa kurudi Bi Amina akaugua, akafia njiani, mahali panaitwa Abwaa.

Sasa fikiria hali ile. Kaburi bichi, safari bado ndefu, mtoto hana baba hana mama. Aliyebaki naye ni mjakazi tu, hakumzaa wala hawana udugu wa damu. Baraka akamchukua mpaka Makka kwa babu yake. Babu naye akafariki mtoto akiwa na miaka 8. Baraka bado yupo.

Utasema huruma ya mama inatokana na kuzaa. Kweli, Allah ameiweka huko. Tumefundishwa kwamba rehema Aliyoishusha duniani ni sehemu 1 tu kati ya 100, na kwa hiyo moja hata farasi huinua kwato asimkanyage mtoto wake. Na kuna siku safarini Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja anapigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe watoto wake.

Lakini mwangalie pia kuku uliyemwekea mayai ya bata. Anayaatamia, anavitembeza vifaranga, na siku vikiingia majini yeye hubaki ukingoni anahangaika na kulia. Habari za bata hazijui, anachojua ni kwamba wale ni wanawe. Kumbe kulea nako kunazaa huruma!

Baraka alikuwa hivyo. Mtume (s.a.w.) alimwacha huru, naye akaolewa, akamzaa Ayman, kisha kwa Zayd bin Haritha akamzaa Usama. Uhuru wake haukumtenga na kijana aliyemlea. Uhud alikuwepo akiwapa watu maji na kuhudumia majeruhi. Mwanawe Ayman alikufa shahidi Hunayn, mwaka wa 8 Hijria.

Mtume (s.a.w.) alikuwa na kawaida ya kwenda kumtembelea. Anas (r.a.) anasimulia kwamba siku moja Ummu Ayman alimletea kinywaji akakikataa, labda alikuwa amefunga, labda hakukitaka tu. Bi mkubwa akapaza sauti akamgombeza! Jamani, Mtume wa Allah anagombezwa kwa sababu ya kinywaji. Nani angethubutu kama si mama?

Baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki, Abubakar na Umar (r.a.) walikwenda kumtembelea, kwa sababu yeye alikuwa akimtembelea. Alipowaona akalia. Akawaeleza kwamba analilia wahyi uliokatika kutoka mbinguni. Wakalia wote watatu.

Sasa nikuulize: wewe nani alikulea? Bibi? Shangazi? Mama wa kambo? Au yule dada wa kazi aliyekubeba mgongoni mama yako akiwa kazini? Yuko wapi leo, na anafuturu nini? Mzazi tunamwombea kila swala, mlezi tumemsahau. Mbora wa viumbe hakumsahau aliyekuwa mjakazi nyumbani kwa baba yake.

Leo kabla ya Magharibi mpigie simu. Ukiweza mpelekee futari, ukae naye kidogo. Kama ametangulia mbele ya haki, mtaje kwenye dua yako unapofungua. Na wewe unayelea mtoto usiyemzaa, watu wakikwambia huyo si wako, usivunjike moyo. Mkumbuke Baraka pale Abwaa.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotuzaa na waliotulea, walio hai na waliotangulia, na utukubalie funga zetu. Amin.

Tukutane kesho inshaAllah. Mtumie na mwenzako.