Kristen Nygaard, mzee wa lugha iliyozaa madirisha ya kompyuta

Kijana wa Alimbongo, wilayani Lubero, akibonyeza picha kwenye simu yake, anafaidi wazo lililoanzia mbali, Norwei.

Kristen Nygaard alizaliwa Oslo mwaka 1926. Katika miaka ya 1960, yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl walitunga Simula, lugha ya kompyuta ya kuigiza shughuli kama foleni za watu. Ndani yake kila kitu kilibeba habari zake na kazi zake. Mafundi wa Xerox, Marekani, walichota humo walipounda madirisha ya skrini miaka ya 1970. Waliozeekea COBOL walipata taabu: programu zao zilienda mstari kwa mstari, hizi mpya zinakaa zikingoja mtu abonyeze.

Nygaard hakuishia kwenye mashine. Mapema miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma, ili waielewe kompyuta kabla ya kuletewa na matajiri wa viwanda. Mikataba ilifuata, wakapata haki ya kusikilizwa. Pengine kazi hiyo inaipita hata Simula.

Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Dahl alifariki Juni 2002, Nygaard Agosti 10.