Fundi wa Parafujo na Gofia

Nahodha ye yote atwekapo tanga huitegemea gofia. Msomaji, leo tumkumbuke fundi aliyeunda mashini za kuzitengeneza kwa maelfu: Henry Maudslay, Mwingereza, aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771.

Alipokuwa na miaka 12 tu, alifanya kibarua katika ghala la silaha akijaza baruti. Baadaye aliajiriwa na Joseph Bramah, mtengenezaji makufuli, akawa msimamizi wa karakana. Mwaka 1797 aliomba nyongeza ya mshahara; tajiri akakataa. Maudslay akaondoka, akafungua karakana yake.

Zama hizo kila parafujo ilikuwa na nati yake. Ya mwenzake haiingii. Maudslay aliunda kerezo la chuma, lenye kuishika patasi badala ya mkono wa fundi, likakata hesi sawasawa. Kisha akaunda mashini za gofia zilizobuniwa na Marc Isambard Brunel. Kufikia 1808, huko Portsmouth, zilitoa gofia 130,000 kwa mwaka.

Alifariki 1831. Mwanafunzi wake, Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja cha hesi mwaka 1841. Tajiri alibana shilingi chache, akampoteza fundi wa karne.