Bakhita, mtumwa aliyetushinda kwa uungwana

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kikao cha posa mtaani kwetu. Kijana alikuwa na kazi yake, swala zake hazimpiti, na hakuna aliyemjua kwa baya. Wazee walimsifu mpaka lilipotajwa jina la babu yake mzaa baba. Hapo mzee mmoja akakohoa na kuuliza, hawa ni watu wa nani? Kila aliyekuwa pale barazani alielewa kinachoulizwa. Posa ikafa palepale. Sababu iliyopelekwa kwa kijana ni kwamba msichana bado anasoma. Mimi nilinyamaza, na kimya kile kimenikaa rohoni hadi leo.

Kikao kile kilinirudia nilipokuwa nikisoma maisha ya mwanamke mmoja wa Sudan ambaye Wakatoliki humwita Mtakatifu Josephine Bakhita. Najua wapo watakaoniuliza Muislamu ana haja gani na watakatifu wa Kanisa. Naomba wanisikilize kwanza.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur. Kwao hawakuwa na shida, na alikuwa na ndugu wengi. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane hivi, watekaji walimnyakua shambani. Dada yake mkubwa alikuwa ametekwa kabla yake. Alitembezwa kwa miguu hadi El Obeid na kuuzwa, kisha akauzwa tena na tena. Hofu ilimshika kiasi cha kusahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Neno letu bahati latokana na mzizi huohuo wa Kiarabu, na sijui kejeli kubwa kuliko hiyo.

Katika nyumba moja mtoto wa kiume wa bwana wake alimpiga mpaka akalala zaidi ya mwezi bila kuweza kuinuka. Kosa lake lilikuwa kuvunja chombo. Katika nyumba ya jenerali mmoja wa Kituruki, mke wa jenerali aliagiza achanjwe mwilini kwa wembe, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Makovu yale yalikuwa 114, na alizikwa nayo.

Tusijifiche hapa. Wengi wa waliomuuza na kumnunua walikuwa na majina kama yetu na waliswali kama sisi. Kwetu pia historia hiyo ipo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika pwani ya Kenya utumwa haukupoteza nguvu ya kisheria hadi 1907. Frere Town pale Kisauni ilianzishwa kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini. Wajukuu na vitukuu vyao tunaishi nao, na baadhi yetu tunaendelea kukohoa wakitajwa.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, Bakhita alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa serikali ya Italia. Huyu hakumpiga. Majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, Legnani aliondoka kurudi kwao, na Bakhita akaomba kwenda naye. Walipofika Italia alimkabidhi kwa familia ya rafiki yake, Michieli, na Bakhita akawa yaya wa binti yao mdogo, Mimmina. Baadaye bibi wa nyumba alisafiri kwenda Suakin kwenye biashara ya mumewe, akamwacha Bakhita na mtoto kwa masista Wakanossa mjini Venice.

Hapo ndipo alipofundishwa dini. Baadaye alisimulia kwamba tangu utotoni alikuwa akilitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza ni nani bwana wa vitu vizuri namna hii. Niliposoma hayo nilimkumbuka Nabii Ibrahim (a.s.), naye aliyeitazama nyota, mwezi na jua mpaka akamwelekea aliyeviumba. Njia ya Bakhita ilimfikisha kanisani, si msikitini, nami sitajifanya kwamba tofauti hiyo haipo. Lakini swali lake nalifahamu.

Bibi aliporudi alitaka kuondoka naye. Bakhita akakataa. Fikiria, ndugu msomaji, mwanamke wa miaka ishirini hivi, hana baba wala kaka wa kumtetea, yuko nchi ya ugenini, na maisha yake yote amezoeshwa kusema ndiyo bwana, ndiyo bibi. Alimpenda Mimmina, na kuachana naye kulimuuma. Hata hivyo alisimama kwenye neno lake mbele ya wakubwa wa serikali na wa Kanisa. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa na kuitwa Josephine. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za utawa.

Baada ya hapo maisha yake yanakuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo mimi namwona mkubwa. Mwaka 1902 alipelekwa mji mdogo wa Schio, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya miaka iliyobaki. Alipika. Alishona na kudarizi. Alitunza vyombo vya kanisa. Kisha akawa bawabu, anayefungua mlango kila unapobishwa. Watoto wa shule, maskini na wagonjwa walimjua kwa sauti yake ya upole. Kazi zilikuwa zilezile alizofanya utumwani, ila sasa alizifanya kwa hiari, kwa ajili ya Mola wake, na kila aliyebisha hodi alimpokea kama mgeni aliyetumwa na Mungu.

Alipoulizwa angefanya nini akikutana na waliomteka, alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila wao asingefika alipofika. Nakiri moyo huo mimi sina. Lakini mtu asiutumie msamaha wake kuwasafisha watekaji. Aliyewasamehe ni yuleyule aliyekataa kurudishwa.

Ndiyo maana nimeandika. Kwetu mabinti hupelekwa Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wengine hunyang'anywa paspoti, hunyimwa mishahara na kupigwa, na wakipiga simu nyumbani huambiwa wasubiri, Mungu yupo. Mungu yupo kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) alimfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Kutawakali si kumwambia aliyefungiwa anyamaze. Bakhita alimtegemea Mungu siku aliyosema hapana, na alimtegemea vilevile siku zote alizosimama mlangoni.

Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika ugonjwa wake wa mwisho akili ilimrudisha Sudan, akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na siku aliyofariki Wakatoliki huiadhimisha kwa kuwaombea wanaouzwa na kusafirishwa kwa hila.

Wazee wetu walipotamka neno muungwana, walikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Leo tunamwita muungwana mtu mwenye adabu, anayewatendea wema wenzake. Lugha yetu imeshahama. Baadhi ya baraza zetu bado. Kikao kingine cha posa kitakuja, na mtu atakohoa. Safari hii sitanyamaza, inshallah.