Habari za Mchungaji Ralph Hult

Wazee wetu wa Iramba walipata Neno la Mungu kwanza kwa wamisionari wa Leipzig, waliojenga Ruruma mwaka 1911. Baada ya vita kuu ya kwanza Wajerumani hao waliondolewa nchini, na Wakristo wachache wakabaki kama kundi lisilo na mchungaji. Ndipo Kanisa la Augustana la Marekani lilipopewa kazi hii, na mwaka 1926 Mchungaji Ralph Hult akafika Ruruma pamoja na Bibi Gladys, mkewe. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Nigeria, kisha Kilimanjaro.

Hakukaa sana. Alirudi kwao, watoto wakaongezeka hata wakawa kumi, na miaka zaidi ya kumi ikapita. Sisi tukisoma habari za silaha za Mungu katika waraka kwa Waefeso, twadhani adui huja na kishindo, pengine kwa uganga na pepo. Lakini Mtume aagiza kusimama tu, na kusimama miaka mingi mbali na kazi uliyoitiwa ni vita pia. Bwana Hult hakuiacha nia yake.

Vita ya pili ilipotokea, wamisionari Wajerumani walifungwa makambini, na Augustana wakaombwa kuyaangalia makanisa yao katika Tanganyika. Mwaka 1941 Bwana Hult akapanda meli ya Misri, Zamzam, peke yake bila mke na watoto. (Meli hii, yenye jina la kisima cha Maka, iliwahi kuchukua mahujaji.) Abiria walikuwa kama 200, na zaidi ya nusu ni wamisionari. Tarehe 17 Aprili, kabla ya jua kuchomoza, manowari ya Kijerumani Atlantis ikaipiga kwa mizinga. Abiria wakatolewa wote, wengine wameumia, Zamzam ikazamishwa. Wamarekani wakapelekwa Ufaransa, ndipo wakarudi kwao.

Nani angemlaumu kama angalikaa nyumbani sasa? Vitu vyake vilikuwa chini ya bahari, na watoto kumi walimhitaji. Na ushujaa wa kibinadamu, twaona sisi, ungalikwisha pale pale baharini. Yeye aliiweka jamaa yake mikononi mwa Mungu, akasafiri tena, akafika Tanganyika mwaka 1942. Mwaka uliofuata aliugua, akafa Dar es Salaam, bila kuwaona tena mkewe na watoto.

Bibi Gladys akabaki mjane. Binti yake Ingrid, aliyezaliwa Moshi mwaka 1926, alikwenda Kamerun, jirani ya Nigeria alikoanza baba yake, akafanya kazi ya Injili huko pamoja na mumewe Walter Trobisch. Mwaka 1964 alitoa kitabu cha habari za jamaa yao.