Gustave Trouvé: Mwanzilishi wa chombo cha umeme cha magurudumu matatu aliyeuawa na jeraha alilolipuuza

Tarehe 19 Aprili 1881, katika mtaa wa Valois katikati ya jiji la Paris, baiskeli ya magurudumu matatu ilisonga mbele bila farasi na bila moshi. Nguvu yake ilitoka kwenye mota ndogo na betri zilizoweza kuchajiwa upya. Aliyeiunda aliitwa Gustave Trouvé, na jaribio lake huhesabiwa miongoni mwa safari za kwanza kabisa za chombo cha umeme chenye betri ya kuchajiwa.

Zaidi ya miaka 140 baadaye, wazo lile lile limefika Uganda, ambako pikipiki za umeme zimeanza kuingia katika biashara ya bodaboda. Kwa mji mdogo kama Bwizibwera, kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Ibanda, na kwa njia za vumbi za makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, bodaboda ndiyo usafiri wa mgonjwa, wa mfanyabiashara na wa gunia la mahindi. Huko, swali si tena kama mota ya umeme inaweza kusukuma chombo. Swali ni nani atakayekitunza, na kwa mazoea gani. Maisha ya Trouvé, na hasa namna alivyofariki, yana la kusema juu ya hilo.

Kutoka makufuli hadi saa

Trouvé alizaliwa tarehe 2 Januari 1839 katika familia ya kawaida huko La Haye-Descartes, mji mdogo wa Ufaransa uliopewa jina la mwanafalsafa René Descartes aliyezaliwa hapo. Alijifunza ufundi wa makufuli katika chuo cha Chinon, kisha akaingia shule ya ufundi ya Angers. Afya yake ilikuwa dhaifu, naye akalazimika kuacha masomo kabla ya kuyamaliza.

Alikwenda Paris na kupata kazi kwa fundi saa. Kazi ya saa humfundisha mtu kuheshimu vitu vidogo: chembe moja ya vumbi au skurubu moja iliyolegea yatosha kusimamisha mashine nzima. Karibu mwaka 1865 Trouvé alifungua karakana yake mwenyewe, na jina lake likaanza kusikika katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa.

Alitengeneza betri ndogo ya kutiwa mfukoni, iliyoendesha mapambo na vikaragosi vilivyowapendeza watu wa Paris. Akabuni kifaa cha umeme cha kutafuta vipande vya chuma na risasi za bunduki katika miili ya majeruhi, na simu ya maandishi ya kijeshi iliyoweza kubebwa. Wanasayansi wakubwa walimtafuta. Mmoja wao alikuwa Gaston Planté, aliyebuni betri ya madini ya risasi na asidi mwaka 1859.

Betri inayodai matunzo

Ni betri ya Planté iliyomwezesha Trouvé kuingia barabarani. Tofauti na betri za kabla yake, hii iliweza kuchajiwa tena baada ya kuisha nguvu. Trouvé aliichukua mota ndogo iliyotokana na kazi ya Siemens, akaiboresha, akaifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu iliyoundwa Uingereza, na kufanya lile jaribio la Aprili. Hata hivyo, hakufanikiwa kupata hataza ya chombo hicho.

Betri ya namna hiyo ingali ikitumika katika vyombo vingi vya magurudumu matatu, na tabia yake haijabadilika. Ikiachwa muda mrefu bila chaji, fuwele ngumu hujijenga juu ya mabamba yake na uwezo wake hupungua. Zile zenye vifuniko vya kufunguliwa huhitaji kuongezwa maji yaliyosafishwa kila kiwango kinaposhuka, wala si maji ya bomba au ya kisima. Betri za lithiamu, zilizo katika pikipiki nyingi za umeme za leo, hazidai maji, lakini nazo huchakaa upesi zikichajiwa zingali moto kutokana na safari, au zikiwekwa miezi kadhaa zikiwa tupu.

Mota inayobebeka

Baada ya wiki chache tu, Trouvé aliugeukia Mto Seine. Karakana yake haikuwa mbali na mto, naye alitaka mota ambayo angeweza kuifungua kwenye boti, kuirudisha mezani kwake, kuikagua, kisha kuifunga tena. Tarehe 26 Mei 1881 aliijaribu kwenye boti ya mita 5 aliyoiita Le Téléphone. Hivyo, haja ya kufikisha chombo mikononi mwa fundi ndiyo iliyozaa mashine ya kufungwa nyuma ya boti, ambayo wavuvi wa maziwa na bahari ya Afrika Mashariki wanaifahamu vyema.

Mwaka huo huo alionyesha boti yake katika maonyesho ya kimataifa ya umeme jijini Paris, ingawa baiskeli yake hakuipeleka. Muda si mrefu alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur. Alitengeneza pia taa ya umeme ya kuvaliwa kichwani kwa ajili ya daktari Paul Hélot wa Rouen, akaunda mota za mashine ya kuchonga meno na cherehani. Hakuoa, wala biashara haikumvutia. Kila alipomaliza kifaa kimoja, alihamia kingine.

Mdharau mwiba

Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 63, Trouvé alikuwa akitengeneza kifaa kidogo cha kutibu magonjwa ya ngozi kwa mwanga wa urujuanimno. Katika kazi hiyo alijikata kidole gumba na kidole cha shahada. Jeraha lilikuwa dogo, naye hakulishughulikia. Waswahili husema mdharau mwiba mguu huota tende. Maambukizi yalisambaa, akapelekwa katika hospitali ya Saint-Louis, na hata kukatwa viungo hakukumwokoa. Alifariki tarehe 27 Julai 1902.

Mtu aliyewapa madaktari taa na vyombo vya kuwahudumia wengine aliangamizwa na kidonda ambacho huenda kingedhibitiwa kwa kuoshwa na kufungwa mapema.

Kupuuzwa kuliendelea hata baada ya kifo. Alizikwa katika mji wake wa kuzaliwa, lakini muda wa kumiliki kaburi ulipokwisha haukuongezwa, na mabaki yake yakahamishiwa katika kaburi la pamoja. Februari 1980 moto uliteketeza nyaraka zake katika jengo la manispaa. Ni mwaka 2012 ndipo kibao cha kumbukumbu kilipowekwa mahali alipozaliwa, na miaka minne baadaye kingine kikawekwa Paris, palipokuwa karakana yake.

Kazi ya dakika kumi

Pikipiki ya umeme haina mafuta ya injini ya kubadilisha, wala plagi ya kusafisha. Jambo hilo huwafanya wengine wadhani kwamba haihitaji fundi. Lakini tairi, breki, beringi na nyaya bado zipo, na mnyororo pia katika baadhi ya aina. Tairi lenye upepo mdogo hunywa chaji na kufupisha safari. Kiungio cha waya kilicholegea au kuingia kutu huzuia umeme, hupata joto, na mwishowe huyeyuka. Maji ya mpira wenye nguvu yakielekezwa kwenye mota au betri hupenya pale ambapo mvua isingefika.

Ukaguzi wa kila asubuhi hauhitaji zaidi ya dakika kumi: upepo, breki, nati, nyaya, na betri isiyo na ufa wala uvimbe. Kabla ya kugusa nyaya, betri hutenganishwa kwanza. Betri yenyewe haifunguliwi kijiweni. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Kwa dereva wa Bwizibwera au Nakivale, betri ndiyo mtaji. Ikifa, karo ya mtoto na chakula cha jioni navyo viko hatarini. Trouvé alithibitisha kwamba umeme unaweza kuendesha magurudumu matatu. Kifo chake kilithibitisha kwamba jambo dogo lisiposhughulikiwa siku ile ile, kesho huja na gharama ambayo hakuna fundi awezaye kuilipa.