Luca Pacioli, mtawa wa jurnali

Wanafunzi wa seksio ya komersiali hapa Bukavu wanamjua kwa jina tu. Mwalimu wa kontabilite analitaja siku ya kwanza, anaandika 1494 ubaoni, kisha anapita haraka kwa sababu masomo ya mwaka ni mengi. Mama anayeuza unga katika soko la Kadutu hajalisikia hata mara moja, lakini kaye yake na biki yake vinafuata nusu ya mafundisho ya mtu huyo. Na kompyuta ya sekretaria publiki, ile inayozimika ghafla umeme ukikatika, halafu saa mbili baadaye inawaka tena na mafaili yote yako palepale, inafuata nusu ile ingine. Ndiyo maana leo tunamleta kwenu.

Luca Pacioli alizaliwa karibu na mwaka 1447 katika mji mdogo wa Sansepolcro, Italia ya kati. Kwao hakukuwa na mali. Utoto wake alikaa pia kwa familia ingine ya mji ule, familia ya Bofolci. Katika miji ya Italia ya wakati ule, kijana aliyetakiwa kuwa padri au mwanasheria alisomeshwa Kilatini. Yule aliyetakiwa kukaa dukani alisomeshwa hesabu: kubadilisha feza, kupima vitambaa, kugawa faida kati ya wenzi wa biashara. Luca alishika vyote viwili, na hilo ndilo lililomfanyia njia.

Karibu na mwaka 1464, hajafika hata miaka 20, akaenda Venezia. Mfanyabiashara mmoja, Antonio Rompiasi, alimpa kazi ya kufundisha watoto wake watatu wa kiume. Venezia ilikuwa mji wa bandari na depo, wenye meli za viungo, pamba na hariri, na feza za inchi nyingi mikononi. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanafunzi pia: mchana alifuata masomo ya hesabu mjini, na nyumbani aliona jinsi vitabu vya biashara vinavyoshikwa. Mwaka 1470 aliwaandikia wale watoto kitabu cha hesabu. Kisha alikwenda Roma, akakaa kwa Leon Battista Alberti, mwandishi na mjenzi mwenye jina kubwa, na katika miaka iliyofuata akaingia utawa wa Mtakatifu Fransisko. Kanzu haikumfungia nyumbani. Kuanzia mwaka 1477 alifundisha Perugia, halafu Napoli, Roma, Venezia, akihama kila baada ya miaka michache.

Kitabu chake kikubwa kilitoka Venezia mwaka 1494. Kwa kifupi kinaitwa Summa, na kina kurasa zaidi ya 600 za hesabu, aljebra na jometri. Alikiandika kwa lugha ya watu wa kawaida, si kwa Kilatini, na kilipigwa chapa kwa mashini, wakati ufundi huo haujatimiza hata miaka 50 katika Ulaya. Ndani yake, zile sura 36 kuhusu namna ya kushika vitabu vya biashara ni sehemu ndogo tu. Lakini ndizo zilizobaki.

Hapo inafaa tuende polepole.

Pacioli anamwambia mfanyabiashara ashike vitabu vitatu. Cha kwanza ni kaye ya mkono. Ndani yake kila kitu kinaandikwa palepale kinapotokea, kidogo au kikubwa, kwa feza yoyote ile. Mwenye duka akitoka, mfanyakazi aandike, au mke wake, au yeyote wa nyumbani anayejua kuandika. Sisi wa Kadutu hatuhitaji kufasiriwa jambo hili. Kaye moja ya sokoni inaweza kuwa na dola, franga za Kongo na franga za Rwanda kwenye ukurasa mmoja, na miandiko ya watu watatu.

Cha pili ni jurnali. Hii haiandikwi na kila mtu. Mwenye kushika vitabu anachukua kila jambo la kaye ya mkono, analigeuza kuwa feza ya aina moja, analipanga kwa tarehe, na kwa kila jambo anasema pande mbili: nani amepokea na nani ametoa. Walimu wetu wanaita debi na kredi. Cha tatu ni kitabu kikubwa, ambamo kila mtu na kila bidhaa ina ukurasa wake. Kila mstari wa jurnali unahamishiwa humo mara mbili, mahali pawili tofauti.

Tuseme mama wa unga amemkopesha mteja mfuko wa dola 20. Katika kitabu kikubwa, ukurasa wa unga lazima useme dola 20 zimetoka, na ukurasa wa mteja useme anadaiwa dola 20. Mkono wa mtu hauandiki kurasa mbili kwa wakati mmoja. Ameandika ukurasa wa unga, mvua ikaanza, watu wakakimbia kufunika bidhaa, kitabu kikafungwa. Kesho yake unga umetoka, na hakuna anayedaiwa. Hakuna aliyeiba, lakini dola 20 zimekufa. Kwa mwenye mtaji wa dola 100 hilo si jambo dogo. Ugomvi mwingi wa likelemba na wa wenzi wa biashara unaanzia hapo, katika jambo lililoandikwa upande mmoja.

Dawa ya Pacioli ni ndogo sana, hata mtu anaweza kuisoma asiione. Ukiisha kuhamisha upande wa debi, unapiga mstari juu ya maneno yale katika jurnali. Ukiisha kuhamisha upande wa kredi, unapiga mstari wa pili. Pembeni unaandika namba za kurasa ulikopeleka. Basi, hata kazi ikikatika katikati, jurnali yenyewe inakuambia ulipofikia. Mistari miwili: imekwisha. Mmoja: rudi umalizie kredi. Hakuna mstari: bado hujaanza. Hauhitaji kukumbuka, wala kumuuliza mtu, wala kusoma tena kitabu kikubwa chote toka mwanzo.

Sasa angalia kompyuta. Unapohifadhi barua katika diski, mashini haifanyi jambo moja. Inatafuta nafasi tupu na kuiandika kuwa imechukuliwa. Inaandika jina la faili katika orodha ya folda. Inaandika ukubwa wake na mahali ilipo. Ni kurasa tatu au nne za kitabu kikubwa, kila moja mahali pake. Umeme ukikatika baada ya ya kwanza, diski inasema nafasi imechukuliwa lakini hakuna faili yenye kuikaa. Au, vibaya zaidi, mafaili mawili yanadai nafasi moja. Zamani, mashini ikiwaka baada ya ajali kama hiyo, ilikuwa lazima ipekue diski nzima kutafuta mahali ambapo hesabu hazikubaliani. Kwa diski kubwa, mtu alisubiri hata akachoka.

Mafundi wakarudi kwa jurnali. Sehemu ndogo ya diski inawekwa kando. Kabla ya kugusa kurasa zenyewe, mashini inaandika kwanza huko mabadiliko yote ya kazi ile moja, na mwishoni inaweka alama kama muhuri, kusema kwamba maneno yametimia. Halafu ndipo inakwenda kuandika kila kitu mahali pake. Ikimaliza, ile nafasi ya jurnali inaachiliwa itumike tena. Umeme ukikatika, mashini ikiamka inasoma jurnali tu. Kazi yenye muhuri inaandikwa upya yote, na hata kama nusu yake ilikwisha kuandikwa hakuna ubaya, kwa sababu inaandika neno lilelile mahali palepale. Kazi isiyo na muhuri inatupwa, kama kwamba haikuanza. Kitu cha nusu hakibaki. Windows NT ilikuja na mpango huo mwaka 1993, na Linux ikapata wake unaoitwa ext3 mwaka 2001.

Kati ya Pacioli na diski hizo kuna mtu mwingine wa kutaja, Mmarekani Jim Gray. Yeye ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wengine namna ya kufanya kazi yenye sehemu nyingi iwe ama imefanyika yote ama haikufanyika kabisa, na mwaka 1998 alipewa tuzo ya Turing kwa ajili hiyo. Kipimo cha nguvu za mashini alichotunga na wenzake mwaka 1985 kiliitwa DebitCredit, yaani debi na kredi! Tarehe 28 Januari 2007 alitoka peke yake kwa mashua kutoka San Francisco, na bahari haikumrudisha.

Neno moja kwa wale wa sekretaria publiki. Jurnali ya diski kwa kawaida inalinda mpangilio wa mafaili, si maneno ambayo hujahifadhi bado. Barua ya kurasa 3 uliyoandika bila kuihifadhi, delestaji itaichukua tu. Flashi nyingi tunazobeba mfukoni zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na hizo hazina jurnali. Ukiichomoa flashi wakati inaandikwa, unafunga kitabu kikubwa katikati bila hata mstari mmoja. Halafu jurnali haina kazi ya kukuwekea nakala. Iko ndani ya diski ileile, na diski ikiungua inaungua nayo, kama vile kaye inavyoungua pamoja na kibanda siku moto unapopita sokoni. Juu ya hilo Kadutu hatuna cha kufundishwa.

Turudi kwa mtawa. Karibu na mwaka 1496 mtawala wa Milano, Ludovico Sforza, alimwita kufundisha hesabu, na huko akakutana na Leonardo da Vinci. Leonardo alikuwa amekwisha kununua Summa. Walikuwa marafiki wa kweli: Pacioli alimsaidia katika jometri, na Leonardo akamchorea maumbo kwa ajili ya kitabu kilichomalizika mwaka 1498 na kupigwa chapa mwaka 1509. Mwaka 1499 jeshi la Ufaransa liliingia Milano, na wote wawili wakakimbia, wakapitia Mantova mpaka Firenze. Pacioli akaendelea kufundisha. Mwaka 1508 alitoa somo juu ya Euklide ndani ya kanisa moja la Venezia, mbele ya watu wengi. Mwaka 1514 aliitwa Roma na Papa Leo wa 10. Alikufa tarehe 19 Juni 1517.

Kwa watawa wenzake wa Sansepolcro hakupendwa sana. Papa alikuwa amemruhusu kuwa na mali yake mwenyewe, kitu ambacho mtawa wa Fransisko hapaswi kuwa nacho, na waliosalia katika umaskini hawakunyamaza. Mwaka 1491 alikatazwa hata kufundisha vijana wa mji wake. Mtu aliyefundisha dunia kuhesabu mali, na yeye mwenyewe kaapa kutokuwa nayo. Ugomvi ulikuwa hauwezi kukosa.

Lakini shtaka zito lilikuja baada ya kifo. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, alimshtaki kwamba aliiba kazi ya Piero della Francesca, mchoraji na mtu wa hesabu wa mji uleule wa Sansepolcro, aliyekufa mwaka 1492. Shtaka hilo si uongo wote. Sehemu ya mwisho ya kitabu cha 1509 ni kitabu cha Piero juu ya maumbo matano, kimetafsiriwa tu kutoka Kilatini, na jina la Piero halikuwekwa pale. Alikuwa amemsifu Piero katika Summa, ndiyo, lakini sifa si malipo. Kwa kipimo chake mwenyewe, alipokea na hakuandika aliyetoa.

Kuhusu vitabu vya biashara, kesi ni nyepesi. Hakujidai kuwa mwanzilishi. Alisema wazi kwamba anafuata desturi ya Venezia. Mji wa Genova ulikuwa unashika hesabu za pande mbili toka mwaka 1340. Hata kuandika juu yake, Benedetto Cotrugli wa Ragusa alimtangulia mwaka 1458. Ila kitabu cha Cotrugli kilibaki mwandiko wa mkono mpaka kikapigwa chapa mwaka 1573, na siku hiyo Summa ilikuwa imepita mikononi mwa watu kwa miaka karibu 80.

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya kontabilite inadai jurnali na kitabu kikubwa kwa kila kampuni. Ushauri mwingine wa Pacioli haufuatwi sana. Alitaka vitabu vipelekwe kwanza kwa ofisi ya biashara ya mji, kurasa zihesabiwe na kupigwa muhuri, kwa sababu aliwajua wafanyabiashara wanaoshika vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha muuzaji na kingine cha kumwonyesha mnunuzi.