Elie Metchnikoff na Vijidudu vya Tumboni

Elie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi iitwayo leo Ukraine. Siku zile nchi hiyo ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Tangu utoto wake alipenda kuchunguza mimea na wanyama, na alipokua akawa mwalimu wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Odessa.

Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama michezo ya nyani, naye akabaki nyumbani peke yake na hadubini yake. Alikuwa akitazama vitoto vya kiti cha pweza, vyenye miili myangavu kama kioo. Ndani yake aliona chembe zikitembea huku na huku. Akawaza kwamba labda chembe hizo ni askari wa mwili. Basi akashuka bustanini, akachuma miba ya mwaridi, akavichoma vile vitoto. Usiku ule usingizi haukumjia. Kulipopambazuka aliona chembe zimeuzunguka mwiba, kama askari wamzungukavyo adui. Hivyo akajua jinsi mwili ujilindavyo. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Mwaka 1888 alihamia Paris, akafanya kazi katika chuo cha Louis Pasteur. Huko akaanza kujiuliza kwa nini watu huzeeka. Alijua kwamba katika utumbo mpana wamo vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho. Akadhani kwamba baadhi yao huozesha chakula na kutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo iletayo uzee. Tena alisikia kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi, na chakula chao ni maziwa ya mgando. Maziwa yaliyoganda yana uchachu, na uchachu huzuia kuoza. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, alikuwa amevumbua kijidudu kiyagandishacho maziwa hayo. Basi Metchnikoff akawashauri watu wayanywe, na yeye mwenyewe akayanywa kila siku. Habari zikaenea, na maziwa ya mgando yakauzwa katika miji mingi ya Ulaya.

Lakini moyo wake ulikuwa mgonjwa, akafa Paris mwaka 1916, umri wake miaka 71. Kabla ya kufa alimwomba rafiki yake mganga aupasue mwili wake na kuyachunguza matumbo kwa uangalifu. Alitaka kweli ijulikane, hata kama kweli hiyo ingemwonyesha kuwa alikosea.

Na katika mambo mengine alikosea. Aliudhani utumbo mpana kuwa hauna faida. Leo twajua kwamba vijidudu wakaao humo hutusaidia kusaga makapi ya nafaka na mboga, na huwazuia vijidudu wabaya wasipate nafasi. Wala maziwa ya mgando hayaondoi uzee. Lakini neno lake kubwa limesimama: si vijidudu wote walio adui, na afya ya mtu hutegemea pia wale wakaao tumboni mwake. Wataalamu wa leo wanaifuata njia aliyoifungua.